Treni ya moja kwa moja au kubadilisha Paris: mwongozo kwa anayetoka Brussels au Lille kwenda kusini mwa Ufaransa

Kila mwaka, Juni inapofika na tena Desemba inapokaribia, hunijia swali lile lile kwa maneno tofauti. Binamu aliyeko Brussels ameona tiketi mbili za kwenda Lyon, moja ya treni ya moja kwa moja na nyingine ya kubadilisha Paris, na ile ya pili ni nafuu kwa euro kumi na nane. Anataka kujua achukue ipi. Mwingine amekwisha kununua, na sasa anauliza kama dakika arobaini na tano zinatosha kubadilisha treni. Nimejibu maswali haya kwa simu mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaandike mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kufanya safari hiyo.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: hakuna kituo cha treni kinachoitwa Paris. Paris ni jiji lenye vituo vikubwa vya treni za masafa marefu visivyopungua sita, na treni inayotoka kaskazini haiingii katika kituo kile kile inakoanzia treni ya kusini. Kwa hiyo tiketi inaposema unabadilisha Paris, mara nyingi maana yake ni kwamba utashuka Gare du Nord, utavuka jiji na mizigo yako kwa gharama na jitihada zako, kisha utapanda treni ya pili Gare de Lyon. Ni kama kumwambia mgeni ashuke treni ya SGR katikati ya Dar es Salaam kisha akapande treni ya TAZARA: jiji ni moja, lakini stesheni ya pili iko Barabara ya Nyerere, na hakuna reli ya abiria itakayompeleka huko.

Sababu ni ya kihistoria. Katika karne ya 19 reli za Ufaransa zilijengwa na makampuni mbalimbali, na kila kampuni ilijenga kituo chake cha mwisho pembezoni mwa jiji la wakati ule. Makampuni hayo yaliunganishwa kuwa shirika moja, SNCF, mwaka 1938, lakini vituo vilibaki pale pale. Ilipofika mwaka 1994 ndipo ilipofunguliwa njia ya treni za mwendokasi inayozunguka mashariki mwa Paris, ikipitia uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle na Marne-la-Vallée. Treni ya TGV, yaani ya mwendokasi ya Ufaransa, inayotoka Brussels au Lille kwenda Lyon, Marseille au Montpellier bila kubadilisha hupita njia hiyo, na haiingii katikati ya Paris kabisa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na hati ya kusafiria au kibali cha ukaazi kinachokuruhusu kuvuka mpaka wa Ubelgiji na Ufaransa. Hakuna kibanda cha uhamiaji kati ya nchi hizo mbili, lakini polisi hukagua ndani ya treni wanapotaka, na kuna hati za muda za waombaji wa hifadhi ambazo hazimruhusu mwenyewe kutoka katika nchi iliyozitoa. Jambo hili liulizwe kabla ya kununua tiketi.

Uwe pia na simu yenye chaji ya kutosha pamoja na tiketi zilizohifadhiwa ndani yake, na nakala ya karatasi kama unamsafirisha mzee asiyetumia simu. Andaa lebo yenye jina kwa kila sanduku, kwa kuwa ni sharti katika treni za TGV. Jua idadi na ukubwa wa mizigo yako kabla ya kuchagua treni, kwa sababu TGV INOUI, yaani TGV za kawaida, huruhusu vipande viwili visivyozidi sentimita 70 kwa 90 kwa 50, pamoja na kibegi kimoja cha mkononi, ilhali treni za bei nafuu za Ouigo zina masharti makali zaidi na hutoza mzigo wa ziada. Mwisho, uwe na kalamu na karatasi. Hesabu ya hatua ya tatu haifanyiki vizuri kichwani.

Hatua zenyewe

1. Andika jina kamili la kituo unakoanzia na kituo unakoishia. Usiandike jina la mji pekee, kwa kuwa makosa mengi ninayoombwa kuyarekebisha huanzia hapa. Brussels yenyewe ina vituo kadhaa, na treni za mwendokasi za kwenda Ufaransa huondoka kituo cha kusini, ambacho kwa Kifaransa huitwa Bruxelles-Midi na kwa Kiholanzi Brussel-Zuid. Ni kituo kimoja chenye majina mawili, basi usishtuke ukiona jina moja kwenye tiketi na jingine ukutani. Lille ina vituo viwili, Lille Flandres na Lille Europe, vilivyo umbali wa mwendo wa dakika tano hadi kumi kwa miguu, na abiria wengi hukimbia kutoka kimoja kwenda kingine asubuhi baada ya kugundua kwamba walisoma vibaya. (Uso wa Lille Flandres, kwa anayependa mambo ya kale, ndio uliokuwa uso wa Gare du Nord ya kwanza ya Paris, ulibomolewa na kujengwa upya Lille, jiwe kwa jiwe, katika miaka ya 1860.)

Upande wa kusini hali ni hiyo hiyo. Lyon ina Part-Dieu, Perrache na Saint-Exupéry, na hiki cha mwisho kiko uwanja wa ndege, nusu saa hivi kwa tramu kutoka Part-Dieu. Avignon TGV na Aix-en-Provence TGV viko nje ya miji yao. Lililo baya kuliko yote ni hili: Gare de Lyon iko Paris, haiko Lyon. Jina lake linatokana na mahali treni zake zinakokwenda. Nimewahi kupigiwa simu na kijana aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za Gare de Lyon akimsubiri dada yake, naye dada yake alikuwa anamsubiri Lyon Part-Dieu, kilomita zaidi ya mia nne kutoka hapo.

2. Tafuta treni ya moja kwa moja kwanza, kabla ya kutazama bei yoyote. Katika ukurasa wa kununulia tiketi, chagua kuonyeshwa safari zisizo na mabadiliko; kwa Kifaransa utaona neno «direct», na safari yenye kubadilisha mara moja huandikwa «1 correspondance». Usikubali jibu la siku moja pekee. Treni hizi ni chache kwa siku, tofauti na zile za Paris kwenda Lyon zinazoondoka kila saa au hata mara nyingi zaidi, na saa zake hubadilika kati ya siku za kazi na mwisho wa juma. Tazama siku uliyoitaka, siku iliyotangulia na siku inayofuata, kisha andika saa za kuondoka na kufika.

3. Piga hesabu ya safari yote, mlango kwa mlango. Chukua mfano wa Brussels kwenda Lyon. Treni ya moja kwa moja hutumia takribani saa tatu na nusu hadi nne. Ukipitia Paris, Brussels hadi Gare du Nord ni kama saa moja na dakika ishirini na mbili, na Gare de Lyon hadi Lyon Part-Dieu ni kama saa mbili. Anayejumlisha treni tu hupata saa tatu na dakika ishirini na kitu, akadhani amepata njia ya mkato. Ongeza sasa saa moja na nusu ya kuvuka jiji na kusubiri, na jumla inakaribia saa tano. Mfano wa Lille kwenda Marseille unafanana na huo: treni ya moja kwa moja hutumia saa nne na nusu hadi tano, na njia ya Paris, ukiihesabu kwa haki, huzidi saa tano na nusu.

Baada ya muda, hesabu fedha. Kwenye nauli ya njia ya Paris ongeza tiketi ya metro kwa kila mtu, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 2.50 kwa safari moja ya metro au treni za mjini, na ongeza chakula utakachonunua kituoni kwa kuwa utakuwa umekaa pale. Ikiwa tofauti iliyobaki ni euro kumi au kumi na tano kwa mtu mmoja mwenye begi la mgongoni, aende Paris kwa amani. Ikiwa ni mama mwenye watoto wawili na masanduku matatu, ushauri wangu ni ule ule miaka yote: alipe zaidi, apande ya moja kwa moja.

4. Kama ya moja kwa moja haipo kwa saa unayotaka, tafuta mahali pa kubadilisha ndani ya kituo kimoja. Hapa ndipo wengi hawafiki, kwa sababu mtambo wa kutafuta tiketi hupenda kuwapeleka Paris. Jaribu kuvunja safari mwenyewe kwa kuweka kituo cha kati kuwa Lille Europe, Aéroport Charles de Gaulle 2 TGV au Marne-la-Vallée–Chessy. Katika vituo hivi unashuka treni moja, unapanda ngazi za umeme hadi ukumbini, unasoma ubao, unateremka tena jukwaa jingine. Hakuna metro wala mageti ya mjini, na huna haja ya kuuliza njia barabarani. Dakika thelathini zinatosha, na arobaini ni raha. Marne-la-Vallée ndicho kituo cha Disneyland, kwa hiyo wakati wa likizo za shule tarajia umati wa watoto na maputo.

Hatua hii inawafaa hasa ndugu zetu walioko Uingereza. Treni ya Eurostar iliyokuwa ikitoka London hadi Marseille bila kubadilisha haipo tena, na wengi wamezoea kudhani kwamba njia iliyobaki ni Paris. Shukeni Lille Europe mkapande hapo hapo TGV ya kusini. Wakati wa kurudi London kupitia Lille kumbukeni kwamba ukaguzi wa pasipoti wa Ufaransa na wa Uingereza hufanyika Lille kabla ya kupanda, basi nusu saa niliyoitaja haitoshi. Wekeni saa moja na nusu au zaidi.

5. Ikibidi kupita Paris, chagua muda wa kubadilisha kabla ya kuchagua bei. Kwa mgeni, kati ya kufika Gare du Nord na kuondoka Gare de Lyon, weka dakika tisini. Aliyewahi kuvuka mara kadhaa, mwenye begi moja, anaweza kuweka sitini. Chini ya hapo ni kamari, hata kama mtambo umekuuzia tiketi hiyo bila kusita.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilimkatia mama mkubwa tiketi yenye dakika hamsini za kubadilisha, nikamsindikiza mwenyewe nikijiona mjuzi. Alikuwa na masanduku mawili na ndoo nyeupe ya plastiki, iliyofungwa mfuniko kwa kamba ya katani, ndani yake samaki wakavu wa kumpelekea mwanawe. Kwenye geti la treni za mjini nilipita mbele na sanduku moja. Yeye akagusa kadi, akasukuma ndoo kwanza kwa mguu, na milango ikajifunga ndoo ikiwa upande wangu na yeye upande wa pili. Kadi ilikuwa imekwisha kutumika. Tulipoteza dakika kumi na mbili kumpata mhudumu wa kufungua geti pana, na tulipofika Gare de Lyon tuliona taa nyekundu za nyuma za treni yetu zikiondoka taratibu kwenye kona. Mama mkubwa hakunilaumu. Alikaa juu ya sanduku, akauliza kama treni inayofuata nayo nitaikatia mimi.

6. Soma kama safari yako ni mkataba mmoja au mikataba miwili. Tiketi ya Brussels–Lyon iliyouzwa na shirika la reli kwa malipo ya mara moja kama safari moja inakulinda: treni ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni wajibu wao kukutafutia nyingine. Tiketi mbili ulizonunua kwa nyakati tofauti, au treni moja ya shirika hili na nyingine ya Ouigo uliyoipata kwa bei ya kutupa, ni mikataba miwili, na muuzaji wa treni ya pili hana habari na kuchelewa kwa ya kwanza. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 2023 zinamtaka muuzaji akueleze wazi kabla ya malipo kama tiketi ni za mkataba mmoja au la. Maelezo hayo huwa yapo, kwa maandishi madogo. Yasome. Ukichagua mikataba miwili kwa ajili ya bei, panua muda wa kubadilisha hadi saa mbili.

7. Tayarisha nauli ya mjini kabla ya kufika getini. Kila mtu ahitaji tiketi yake. Kadi ya Navigo Easy, inayouzwa euro 2 na kujazwa safari, haiwezi kutumiwa na watu wawili kwa safari moja, na hapo ndipo familia nzima hukwama nyuma ya kadi moja. Wenye simu zinazokubali wanaweza kujaza tiketi humo mapema wakiwa nyumbani. Tiketi unayoitaka ni ya metro, treni na RER, yaani treni za mjini zinazopita chini ya jiji hadi vitongojini. Ile ya basi na tramu ni nyingine, na haikufungulii geti la metro. Kwenye mashine za Gare du Nord, asikusaidie mtu asiyevaa sare, hata akiwa na maneno matamu na lugha tano.

8. Vuka kutoka Gare du Nord hadi Gare de Lyon kwa utaratibu huu. Treni ikisimama, usikimbilie mlango wa mbele wa kituo, kwa maana huko ni barabarani. Fuata vibao vya RER vinavyokuteremsha chini. Unatafuta RER D, herufi D katika duara la kijani, uelekeo wa kusini, yaani treni zilizoandikwa Melun au Corbeil-Essonnes. Tumia geti pana lenye alama ya sanduku au kiti cha magurudumu. Mizigo ipite pamoja nawe, isitangulie wala kubaki. Ukishaingia, kaa karibu na mlango. Kituo cha kwanza ni Châtelet–Les Halles: usishuke. Kituo cha pili ni Gare de Lyon. Safari ya ndani ya treni ni chini ya dakika kumi. Kinachokula muda ni ngazi, mageti na kusubiri.

Usitupe tiketi wala usiizike kadi chini ya begi, kwa sababu RER hutaka uionyeshe tena geti la kutokea. Ukitoka, fuata vibao vya «Grandes Lignes», ndizo treni za masafa marefu.

RER B na RER D hutumia handaki moja kati ya Gare du Nord na Châtelet, hivyo moja ikipata hitilafu nyingine huathirika. Ukiona ubao unasema D imesimama lakini B inakwenda, panda B hadi Châtelet–Les Halles, kisha RER A kuelekea Boissy-Saint-Léger au Marne-la-Vallée–Chessy, na ushuke Gare de Lyon. Zote mbili zikisimama, teksi. Panga foleni rasmi mbele ya kituo, na umkatae yule anayekufuata ndani ya ukumbi akinong'ona neno «taxi».

Kwa vituo vingine maelezo ni mafupi. Treni za Bordeaux, Nantes na Rennes huondoka Montparnasse, na metro namba 4 inakufikisha huko kutoka Gare du Nord bila kubadilisha, ingawa korido za Montparnasse ni ndefu. Gare de l'Est, ya kwenda Strasbourg, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Austerlitz ni metro namba 5. Metro namba 14, ambayo ni mpya na ya haraka na watu huisifu sana, haipiti Gare du Nord.

9. Tafuta jukwaa na behewa lako. Gare de Lyon ina kumbi tatu, na majukwaa yake mengine yametiwa herufi na mengine namba. Jukwaa hutangazwa kama dakika ishirini kabla ya treni kuondoka, na hapo umati wote husogea kwa pamoja. Simama mahali unapoona ubao wa kumbi zote, karibu na katikati. Milango ya treni hufungwa dakika mbili kabla ya saa iliyoandikwa, hivyo treni ya saa 8:00 mchana kwako ni ya saa 7:58. Nimeandika kwa saa za Kiswahili. Ratiba ya Ufaransa itasema 14:00, na mgeni mmoja wa nyumbani aliwahi kusubiri jioni treni iliyoondoka mchana kwa sababu ya tofauti hii.

Tazama pia namba ya behewa. TGV nyingi ni treni mbili zilizoungwa, mabehewa 1 hadi 8 upande mmoja na 11 hadi 18 upande wa pili, na hakuna mlango wa kupita kutoka treni moja kwenda nyingine zikiwa safarini. Nyakati nyingine hutenganishwa njiani, kila moja ikashika njia yake.

Makosa ambayo hufanywa hata na waliopanda ya moja kwa moja

Treni ya moja kwa moja nayo ina mitego yake. Ikifika uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle husimama dakika kadhaa, nusu ya abiria hushuka na masanduku, na aliyekuwa amesinzia huamka akadhani amefika mwisho, naye akashuka. Keti hadi usikie jina la kituo chako. Mtego mwingine ni wa mizigo: abiria huweka sanduku rafu ya mlangoni kisha huketi mbali nalo, na vituo vya njiani ndipo masanduku hupata wenye wapya. Chagua kiti karibu na rafu, au uinuke utazame treni inaposimama.

Wengine hununua tiketi ya moja kwa moja hadi Lyon-Saint-Exupéry kwa sababu ni nafuu, ilhali anayewapokea anaishi mjini. Bei ya tramu ya uwanja wa ndege humeza ile nafuu yote.

Mambo yakiharibika

Treni ya kwanza imechelewa na ya pili itaondoka bila wewe. Kabla hujashuka, mtafute mkaguzi, muonyeshe tiketi ya pili, na umwombe aandike uthibitisho wa kuchelewa. Ukifika, nenda kwenye dawati la huduma na uthibitisho huo. Usinunue tiketi mpya kwanza ukitumaini kurudishiwa, kwa maana hapo unaweza kujiondolea haki ya kupangiwa njia nyingine. Kama mkataba ni mmoja, na kufika kwako mwisho wa safari kunatazamiwa kuchelewa saa moja au zaidi, una haki ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kuendelea kwa njia nyingine. Kwa kuchelewa kufika, fidia ya chini katika kanuni za Ulaya ni asilimia 25 ya nauli kwa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120, isipokuwa pale chanzo ni jambo lililo nje ya uwezo wa shirika.

Mikataba ni miwili na umekosa treni ya pili. Nenda dawatini hata hivyo, ukiwa na uthibitisho wako, ueleze kwa upole. Hawana wajibu, lakini nimeona watu wakihamishiwa treni iliyofuata bila malipo, na nimeona wengine wakikataliwa. Uwe na fedha za tiketi nyingine.

Umesikia kuna mgomo. Angalia simu yako siku moja kabla, jioni, kwa kuwa ndipo orodha ya treni zitakazokwenda huwa imekamilika. Hapa treni ya moja kwa moja ina udhaifu: ikifutwa, inayofuata inaweza kuwa kesho, ilhali anayepitia Paris ana treni nyingi za kubahatisha. Lakini kumbuka kwamba mgomo huo huo unaweza kugusa RER, na ukabaki Gare du Nord bila pa kwenda.

Mzee hawezi ngazi. Msaada wa wahudumu wa kumsindikiza hadi kwenye kiti, hata kwa kiti cha magurudumu, ni bure, na unapaswa kuombwa saa 24 kabla. Msaada huo ni wa ndani ya kituo, hawatamvusha jiji. Kwa hiyo mzee huyo akatiwe treni ya moja kwa moja, au ya kubadilisha Lille Europe, ambako mhudumu atampokea kwenye jukwaa moja na kumfikisha jukwaa la pili.

Umeshuka kituo kisicho chako na treni imeondoka. Usitoke nje. Soma ubao uone treni inayofuata ya uelekeo wako, kisha umwendee mhudumu wa jukwaani kabla ya kupanda, umweleze yaliyotokea na umwonyeshe tiketi ya treni uliyoiacha. Akikuruhusu kupanda, mwombe aandike ruhusa hiyo kwenye tiketi, kwa sababu mkaguzi wa treni mpya hakuwepo mkizungumza. Na kama sanduku limebaki ndani, mwambie papo hapo namba ya treni, ya behewa na rangi ya sanduku, ili apige simu kituo cha mbele treni ikiwa bado haijafika.